Sauti za Mwezini, Sauti za Ziwani

Nilipokuwa mtoto, nje kidogo ya Kisumu, watu walikuwa wamefika mwezini na ufuo wetu mzima ulikuwa unagombana juu yao. Redio ilikuwa moja tu, ya Bwana Kariuki, mtu aliyetoka milimani kwao akaja kutuuzia chumvi na mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nikigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani kando ya duka lake, kwa hiyo nilisikia yote.

Habari yenyewe ililetwa na utingo wa lori la miwa kutoka Muhoroni. Alisema wale wazungu wa mwezini waliwaita wakubwa wao huku chini kwa sauti ya kutetemeka: kuna vyombo vingine hapa, vimepanga mstari, vinatutazama. Kisha sauti ikakatwa.

"Nani alikuambia?" Bwana Kariuki akauliza. "Redio ni yangu, na haijasema hivyo."

"Hiyo yako inajua bei ya pamba tu. Wakubwa walizima, watu wasisikie."

"Walizima, halafu wewe wa miwa ukasikia?"

Watu wakacheka. Dani, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, mama yake baba yangu, alikuwa amesimama pale na chupa yake ya mafuta.

"Mnagombania nini?" akasema. "Hao ni nyawawa. Kila mwaka tunawafukuza na masufuria. Mlifikiri wanakwenda wapi?"

"Mama, haya ni mambo ya sayansi," Bwana Kariuki akasema.

"Na sayansi imewakuta huko juu, sivyo? Nijazie chupa."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Kwetu, nyawawa ni roho za watu waliokufa vibaya, hasa wale waliomezwa na ziwa. Hupita jioni na upepo, wakinong'ona, na kila boma hupiga bati na sufuria ili wapite moja kwa moja wasiache ugonjwa. Na baba yangu alikuwa amemezwa na ziwa. Mtumbwi ulirudi, yeye hakurudi. Wazee walizika tunda la yago mahali pake, lile refu kama mkono wa mtu, maana ndiyo desturi mwili usipoonekana. Nilitazama udongo ukilifunika nikasema moyoni, huyo si baba.

Sasa nilijua alipo. Alikuwa juu, katika vile vyombo, amekaa kwenye mstari, anatutazama. Na sisi ndio tuliokuwa tunamfukuza.

Wa kumwambia sikuwa naye. Mama alikuwa amerudi kwao na mdogo wangu anayenyonya, tukabaki mimi na Dani katika boma kubwa.

Nyawawa wakaja jioni moja, kabla giza halijaingia. Upepo ulitoka ziwani na sauti ndani yake, kama watu wengi wanaozungumza nyuma ya mlango uliofungwa. Ufuo mzima ukalia bati. Dani akashika sufuria na mwiko, mimi akanipa kifuniko. Nikakikalia.

"Nyakwara, mjukuu wangu, piga!"

"Sipigi. Baba yuko nao."

Mkono wake ukasimama hewani. Jirani yetu akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, akimwita Dani kwa jina la kwao alikozaliwa: "Nyar Seme! Mmelala huko? Mnataka walale kwenu, kesho watuhamie sisi?"

Dani aliweka sufuria chini, akaketi nami pale kwenye vumbi, akanivuta kifuani. Boma letu likawa kimya peke yake. Mimi mwenyewe niliyekataa kupiga nilikuwa nikiwaza ugonjwa utaanza na nani.

"Sikiliza," akaninong'oneza. "Kama ni yeye, jina lako analijua."

Nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Upepo ulipita juu ya nyasi za paa. Bati za majirani zikafuatana nao, zikienda mbali, zikaisha.

"Amepita," Dani akasema. "Hakuna aliyemfukuza. Amepita mwenyewe. Njoo ule."

Siku hizi nakaa mtaa wa Manyatta, mjini Kisumu, na wajukuu wangu. Wamenisikilizisha kwenye simu hizo sauti za mwezini, zinakwaruza kama koo la mgonjwa. Mmoja anasema zimetengenezwa tu na wajanja, mwingine anasema serikali zilificha. "Dani, wewe unaamini nini?" wananiuliza, na kabla sijajibu wameshatoka. Ninabaki nikiwawaza wale wanaume wa mwezini, mbali na kila mtu aliyewahi kuwaita kwa jina. Mtu wa namna hiyo akisema amemwona jirani, sitamcheka.

Lakini zaidi namfikiria Dani wangu. Yule aliyezama alikuwa mwanawe kabla hajawa baba yangu, na Dani ndiye aliyetakiwa kupiga sufuria kwa mkono wake mwenyewe. Jioni ile mimi sikusikia jina langu. Nadhani yeye pia hakusikia kitu, alitafuta tu neno la kuniingiza ndani. Nami niliingia, nikala, nikashiba. Yeye alibaki mlangoni, uso umeelekea juu, mpaka ugali wake ukapoa.