Siku Kaka Yangu Alipokataa Kufungua Kitambaa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo bado naiona kana kwamba imepita juzi. Leo nitakusimulia yote, hata zile sehemu ambazo kaka yangu Asumani hapendi nizitaje. Usiogope, ruhusa ninayo. Nilimwomba asubuhi, akanung'unika kidogo, kisha akasema, "Sema tu, lakini usinifanye shujaa."

Nilikuwa kijana bado. Usitafute mvi kichwani kwangu ili ukadirie umri, maana nywele zangu zilikuwa hivi tangu nizaliwe. Mimi na Asumani tulizaliwa na ngozi hii unayoiona, ngozi isiyopatana na jua. Hapa Kisangani sisi wenye ualbino wanatuita ndundu, wengine kwa upendo, wengine kwa dharau, nasi hujifunza mapema kutambua lipi ni lipi. Mimi, Mwamini, dada yake, nilikuwa fundi cherehani, nikishinda kivulini kwenye baraza la baba yetu. Asumani alikuwa mkulima Lubunga, ng'ambo ya mto. Alivuka kwa mtumbwi tunaouita pirogi na kupalilia muhogo, jua likimpiga kichwani na maji ya mto yakimrudishia jua lile lile usoni.

Kidonda kilianza kama kipele, mbele ya sikio la kushoto. Kikapasuka, kikakauka, kikapasuka tena. Alipokwenda kwenye kituo cha afya, wagonjwa wengine walisogea wasikae naye benchi moja. Muuguzi, ili kuepusha maneno, akamwomba angojee nje. Na nje, mwanangu, palikuwa na jua. Alingoja mpaka akachoka, akarudi nyumbani bila kuguswa na mtu. Tangu siku hiyo alifunga kitambaa cheupe kuzunguka kichwa na taya, na hakutaka kusikia tena neno hospitali. Mama alilia, akafoka, akanyamaza. Kila wiki kitambaa kilizidi kuwa kipana.

Ndipo ikaja habari ya ile hafla. Mwimbaji mkubwa kutoka Kinshasa angekuja kuimba katika ukumbi wa hoteli moja kando ya mto, na matajiri wa mji wangechangia ili ndundu wapate mafuta ya kukinga ngozi na matibabu ya vidonda. Jina la mwimbaji silitaji, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka sifa kwa yaliyotokea. La maana zaidi kwetu ni kwamba alikuwa anakuja na daktari mpasuaji, bingwa wa magonjwa ya ngozi. Daktari huyo angewaangalia wagonjwa walioletwa na kamati baada ya nyimbo, kisha kesho yake apande ndege arudi.

Kamati iliongozwa na Madame Odette, mke wa mfanyabiashara. Nataka umjue vizuri kabla hujamchukia. Alitembea kwa miguu yake mpaka nyumbani kwetu, akala pondu, kisamvu cha mama yangu, bila kuchagua, akamshika Asumani mkono wakati wengi walikuwa wanaogopa hata kumsalimia. Ni yeye aliyemshawishi apande jukwaani aseme maneno machache kuhusu maisha yetu. Asumani alikubali kwa sharti moja: kitambaa hakifunguliwi. "Hakuna shida, papa," akasema Madame Odette, na sote tukaamini.

Siku yenyewe tulifika mapema. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Isangi. Walituweka katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa, chenye viti vya plastiki na kioo. Kupitia pazia tulisikia wanamuziki wakijaribu magitaa, na magari yakiegeshwa. Asumani alikuwa amevaa shati la bluu nililomshonea. Alikuwa anarudia maneno yake kimyakimya.

Madame Odette akaingia akiwa amebadilika. Wageni wakubwa walikuwa wamefika, na mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba mikono ya wageni hao ilikuwa mizito kutoa mwaka huo.

"Papa Asumani," akasema, "kile kitambaa tutakitoa, hein? Kidogo tu. Watu waone."

"Tulisikilizana, mama."

"Najua. Lakini écoute, mutu asipoona hawezi kusikia uchungu. Dakika moja tu, wapige picha, halafu unafunga."

"Mi sikuje kuonyesha kidonda. Nilikuja kusema."

"Kusema haitoshi! Iko ndundu wengi wanategemea hii soirée. Unawafikiria?"

Kaka yangu hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nisipofungua, daktari ataniangalia?"

Madame Odette alitazama mlango, akatazama saa yake. "Daktari ataona wale wenye kuwa kwenye programme," akasema.

Asumani akasimama. Nilimshika mkono wa shati, naye akavitoa vidole vyangu polepole, kimoja kimoja, kama mtu anayeogopa kuchana nguo. Akatoka kwa mlango wa nyuma, ule unaoelekea mtoni. Nilijua anakwenda kuvuka kwenda shambani Lubunga kabla pirogi hazijaisha. Nilijua pia kwamba yule daktari angeondoka kesho, na kwamba kitambaa kilikuwa kimeanza kunuka. Nilikuwa nimekinusa asubuhi nilipokuwa namfungia.

Nilitaka kumkimbilia. Lakini Madame Odette aliniziba njia, machozi yakimlengalenga. "Mwamini, tafadhali, wewe utasema mahali pake. Sema merci kwa wageni, sema tunahitaji mafuta, basi. Usiniharibie." Kabla sijajibu, jina langu, alilokwisha kulituma kwa mtangazaji, likatajwa ukumbini, na mtu akanisukuma mbele ya pazia.

Mwanangu, sijawahi kuona mwanga mkali kama ule. Macho yetu unayajua, yanavyocheza mwanga ukizidi. Sikuona nyuso, niliona weupe tu. Mwimbaji alikuwa amesimama pembeni yangu katika suti ya kung'aa, anatabasamu, akanipa kipaza sauti. Polepole nikaanza kutambua meza ya mbele, na pale, karibu na glasi ya maji, mwanamume wa makamo mwenye miwani, ambaye hakuwa anapiga makofi. Nikajua ndiye.

Nilisema merci. Kisha maneno niliyofundishwa yakanitoka kichwani. Yakaja mengine.

"Docteur," nikasema, "kaka yangu Asumani alikuwa hapa sasa hivi. Iko na kidonda mbele ya sikio, kila siku kinaongezeka. Ameondoka sababu walimwambia afungue kitambaa mbele yenu wote. Iko anaenda kwenye pirogi. Kama mulikuja kwa ajili yetu, naomba mumwangalie yeye sasa, mlango umefungwa, vile munamwangalia mutu mwingine yeyote."

Kutoka nyuma ya pazia nikasikia Madame Odette akisema kwa ukali, "Kata, kata micro!" na kweli sauti yangu ikafa. Midomo yangu iliendelea kutembea bila kusikika. Mtu mmoja akacheka, mwingine akamwambia anyamaze. Mwimbaji hakuwa anatabasamu tena. Alinikazia macho, na nakuapia, nilidhani atawaita walinzi. Alikuwa mtu aliyezoea kila kitu kwenda kama alivyopanga.

Akainama karibu na sikio langu. "Ni kweli?"

"Kweli kabisa."

"Pirogi iko wapi?"

Nikamwonyesha upande wa mto. Akageuka kwa wanamuziki wake, akawaambia wapige bila yeye. Daktari alikuwa amekwisha kusimama, mkoba mkononi.

Tulishuka kwenye kivuko karibu tukikimbia. Nyuma yetu lilitoka kundi zima la wageni na wapiga picha, simu zimeinuliwa, maana mwimbaji akitembea haraka namna ile mji wote unamfuata. Asumani alikuwa amekwisha kukaa ndani ya pirogi, na mpiga kasia alikuwa anaisukuma itoke mchangani. Nikaita jina lake. Akageuka, akaniona mimi, kisha akaona watu na simu zao nyuma yangu.

Sitasahau uso ule. Hasira yake haikuwa kwa Madame Odette tena.

"Uliwaambia?" akaniuliza. "Mwamini, ulisimama mbele ya watu ukataja kidonda changu?"

"Kaka, daktari huyu hapa—"

"Mi nilikataa kufungua. Wewe umefungua kwa mdomo."

Akamwambia mpiga kasia asukume. Maji yalikuwa yamefika magotini pa yule mtu na pirogi ilikuwa imeanza kuelea. Hapo mwimbaji akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Aliupa mto mgongo, akawakabili waliotufuata, akapanua mikono yake katika ile suti ya kung'aa. "Simu chini," akasema. "Mwenye kupiga picha hapa, mi siimbi tena leo. Rudini ukumbini." Wakasitasita. Akarudia kwa Kilingala, kwa sauti ya kugomba. Simu moja ikashuka, kisha nyingine, na watu wakaanza kupanda ngazi kurudi.

Daktari aliingia majini na viatu vyake. Hakumgusa Asumani. Akashika ukingo wa pirogi, akasema kwa utaratibu, "Papa, bonsoir. Mimi ni daktari. Ukitaka kuenda, enda. Ukitaka niangalie, tutaingia mule ndani, mimi na wewe tu. Dada yako atabaki inje."

Dada yako atabaki nje. Nadhani ni maneno hayo yaliyomshusha.

Waliingia katika kibanda cha mbao cha mwenye kivuko, mlango ukafungwa. Mimi nilibaki mchangani na mwimbaji. Muziki ulisikika kutoka juu, bila mwimbaji wake. Nilikuwa nasikiliza mlango ule tu. Walikawia mno, au niliona hivyo.

Daktari alipotoka alikuwa anafuta mikono. Alimwacha Asumani aseme mwenyewe. "Ni kansa," akasema kaka yangu, bila kunitazama. "Anasema haijashuka kwa shingo bado. Anasema wakikata sasa, sawa. Wakingoja mvua nyingine, hapana."

Daktari hakupanda ndege kesho yake. Alimpasua Asumani katika hospitali ya mjini, akachukua sehemu kubwa ya sikio, akamwachia uhai. Kaka yangu hakusema nami mpaka nyuzi zilipotolewa. Siku alipoanza, aliniambia hivi: "Asante. Lakini siku nyingine uniulize kwanza." Mama, aliyekuwa anachambua mchicha, aliinua kichwa akasema, "Amesema kweli, Mwamini. Na wewe Asumani, ungekwenda mapema, dada yako asingelazimika kupiga kelele." Kila mmoja akapata lake.

Hafla ile haikuleta walichotarajia. Baadhi ya wageni waliondoka wamenuna, na kwa muda mrefu niliitwa mtu asiye na shukrani. Lakini Madame Odette, baada ya kunikasirikia sana, alikuja tena nyumbani, akakaa kwenye kiti kile kile. Ni yeye aliyeomba chumba pale hospitalini, chenye pazia na benchi la ndani, ambapo ndundu waliangaliwa bila kungojea juani. Alikisimamia mpaka alipohama mji.

Sasa unisikilize, mwanangu, maana ngozi yangu ndiyo yako. Ukiona kipele kisichopona, nenda upesi, na wakikutoa kwenye benchi, rudi na mtu wa kukaa nawe. Msaada upokee, usione haya, hata ukitoka kwa watu wenye suti za kung'aa, maana wamo wenye moyo. Lakini wakikuambia kwamba lazima kwanza uvuliwe mbele ya watu ili utibiwe, kataa, nami nitasimama nawe. Na siku itakayokulazimu kusema kwa ajili ya mwenzako, mwulize kwanza. Ukikosa nafasi ya kumwuliza, sema, kisha ukubali hasira yake, usimdai shukrani.

Mungu akufunike na kivuli kila uendako. Akupe ngozi yenye afya na daktari mwenye subira, azidishe siku zako, uzeeke, uchoke, mpaka wajukuu wakuombe unyamaze, nawe uendelee tu kusimulia.