Mbwa Aliyegoma Kuingia Ndani

Baada ya kufiwa na mume, shangazi yangu aliishi Bulembia, kando ya mto Nyamwamba, yeye na mbwa wake mweusi tu. Alasiri moja nilipomtembelea, mbwa aligoma kuingia ndani. Alisimama njiani akibweka na kutazama milimani, manyoya yamemsimama. Kwetu jua lilikuwa kali, lakini huko juu wingu lilikuwa jeusi, na maji ya mto wetu hutoka huko.

"Mama, mumeo anakuita!" jirani aliyekuwa akianika maharage alimtania shangazi, akimwonyesha mbwa. "Mwache abweke, leo hakuna mvua."

Shangazi hakucheka. Mtoni tulisikia mawe yakigongana chini ya maji, kama meno ya mtu mwenye homa. Mbwa akaanza kupanda kilima, akigeuka kumtazama shangazi.

"Twende," shangazi akaniambia. "Huyu hajawahi kuniacha."

Tulimsihi jirani aje. Akatupungia mkono, akainamia maharage yake. Tulipofika juu, mto ulikuwa umegeuka rangi ya udongo na kupanda ukingo. Tukamwita jirani tena kwa nguvu zote, lakini ngurumo ya mawe ilimeza sauti zetu.