Mkate wa Kumimina Uliotoka Kama Chila

Hasira hazijanishuka mpaka leo. Ramadhani hii mama mkwe alitaka nimpikie mkate wa kumimina wa wageni wake wa futari, akaniazima sufuria yenye upana mara mbili ya yangu, kina kile kile. Hesabu za skuli nnazo: upana mara mbili, basi mchele, tui na hamira vyote mara mbili. Nikamimina, nikapalia makaa juu. Kufunua, mkate mwembamba kama chapati ya maji!

Mama mkwe akautazama mbele ya wageni. "Mwanangu, huu mkate au chila?"

"Na skuli kasoma huyo," akadakia wifi yangu.

Nikarudi jikoni nimevimba. Nikajaza maji sufuria yangu, nikayamimina kwenye ile kubwa. Mara mbili ikafika nusu tu, ya nne ndiyo ikajaa. Nikamwaga, nikaanza upya: nne vile vile. Mbili imegeukaje nne? Labda kwa kuwa sufuria inapanuka huku na huku, si upande mmoja. Sijui, kichwa kinaniuma.

Kesho napika tena, kipimo mara nne. Wifi naye aje, atafune huku kanyamaza.