Vigelegele vya Mapema

Mdomo wangu huu, Mungu anisamehe, ndio uliomrudisha yule mtoto nyumbani.

Wodi yetu ya watoto wenye saratani, hapa Mbeya, ina desturi moja. Mtoto akimaliza dripu ya mwisho ya dawa, manesi na akina mama tunampigia vigelegele, anafungwa khanga mabegani, anaaga. Hakuna aliyetuagiza, tulianza wenyewe tu. Kuna wiki hiyo ndiyo furaha pekee tunayoipata.

Binti huyo alikuwa na miaka sita. Bibi yake alimleta kutoka Idodi, shavu limevimba mpaka mdomo haufungi. Daktari akaandika dripu sita, moja kila baada ya muda wake. Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, mkoa mmoja na kwao, na bibi aliponisikia naongea Kihehe alinishika mkono, nikawa mwanawe. Siku chache baada ya dripu ya pili naingia asubuhi na trei, nakuta shavu limenywea. Limenywea kabisa! Mtoto anatafuna kande, ananicheka. Mimi nami, nilivyo sina breki, nikapiga vigelegele. Akina mama wakapokea. Bibi akalia machozi.

Kesho yake nilikuwa na mapumziko. Niliporudi, kitanda kina mtoto mwingine. Wenzangu wakasema bibi ametoroka. Katoroka wapi! Aliwaaga akina mama wote, kitanda kwa kitanda, na mimi akaniachia mfuko wa karanga.

Simu yao haikupatikana. Likizo yangu ilipofika nikaenda Idodi mwenyewe, nikamkuta mtoto anaruka kamba. Nikamweleza bibi kwamba uvimbe umeondoka lakini ugonjwa bado umo, dripu nne hazijaingia. Akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, si wewe mwenyewe uliyempigia vigelegele?"

Nilibembeleza, nikapandisha sauti, mwisho nikalia. Baba wa mtoto akanisindikiza hadi barabarani. "Nesi, mtoto mzima huyu," akasema. "Nimrudishe akatobolewe sindano za nini?"

Walirudi baada ya mavuno, jicho moja limesukumwa nje. Tukaanza dawa upya, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani. Bibi hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana! Aliwaambia wageni wodini, "Huyu ndiye aliyetufuata mpaka nyumbani," na mimi natafuta pa kuficha uso.

Mchana mmoja nilikuwa namfuta mtoto kwa kitambaa cha maji. Alikuwa haoni tena, lakini sauti yangu anaijua.

"Nesi, zimebaki dripu ngapi?"

Asubuhi ile daktari alikuwa amezisimamisha zote.

"Mbili tu, mama," nikamwambia.

Akasema basi atavumilia.