Shikamoo ya Barabarani Haipokewi

Alasiri ile haijanitoka kichwani, mwanangu. Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya, nami nilikuwa utingo wa basi la watoto wa shule katika barabara ya Msambweni. Utingo, lakini utingo wa kutajwa. Basi likiondoka mimi hudandia kwa mkono mmoja, na kofia haianguki. Shule niliiacha darasa la tatu, na leo mabasi yanayobeba watoto wa hapa kijijini Bongwe ni yangu. Sikurithi hata tairi. Kwa hivyo jambo la basi nikikwambia mimi, lishike.

Basi, tulisimama njia panda, akashuka Saumu, kibinti wa darasa la kwanza. Ng'ambo ya barabara amesimama nyanyake, Bi Mwanamisi, na kikapu cha muhogo. Unayajua malezi yetu: mtoto akimwona mkubwa hangoji, huukimbilia mkono aubusu, ampokee na mzigo. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Saumu akaizunguka pua ya basi mbio, shikamoo iko mdomoni. Na nyuma yetu linakuja lori la miwa ambalo halikutaka kungoja.

Niliruka nikamdaka ukosi wa sare. Lori likapita, upepo wake ukatupiga usoni, na muwa mmoja ukaangukia pale alipokuwa akienda kukanyaga.

Watoto walipiga makofi. Nikamvusha Saumu, kifua mbele, nikijua shukrani ni zangu. Bi Mwanamisi alimpapasa mjukuu wake kichwa hadi vidole, kisha akanitazama.

"Ahsante, mwanangu. Mkono wako mwepesi. Na kesho ukiumwa na jino, nani atamdaka?"

"Nitakuwapo, nyanya. Mimi huwa sikosi."

"Asiyekosa ni Mungu. Wewe ni utingo."

Dereva alicheka mpaka akaegemea usukani. Lakini yule mama hakuishia kwangu.

"Na mimi pia," akasema, "nimejisimamisha ng'ambo kama chambo, mtoto asije mbio kwa nini?" Akamwinamia Saumu. "Shikamoo ya barabarani siipokei tena. Umesikia?"

Siku ya pili nilimkuta upande wetu, mlango unapofungukia. Nami nikatangulia kushuka, nikasimama chini kabla ya mtoto yeyote. Saumu akatua, akasalimu, akaitikiwa. Basi likaondoka, barabara ikaonekana yote, ndipo wakavuka wameshikana mikono.

Wanasema ngojangoja huumiza matumbo. Pengine, lakini si kando ya barabara. Mwanangu, ukishuka, simama. Usipite mbele ya basi wala nyuma yake. Liache liende zake, kisha utazame huku na huku. Mkubwa hatakasirika salamu ikichelewa. Na wewe unayempokea mtoto, msubiri upande wa mlango, usimwite kutoka ng'ambo hata kwa tabasamu, maana mtoto mwenye adabu atakuja tu.

Sasa Saumu ni mama. Nikiendesha basi langu hadi njia panda namwona anamngoja mwanawe, upande wa mlango, kikapu mkononi. Hunipungia mkono, nami hupiga honi kidogo, nikajiona mfalme.

Mola akuvushe salama kila barabara, na kila mkubwa utakayemsalimu awe karibu nawe kiasi cha kukuitikia marahaba.