Ufunguo wa Mtambo wa Barafu

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa kabla sijavua viatu. Nilikuwa nimetoka kwetu Faza kwenda Amu kumtumikia tajiri mmoja wa samaki, Bwana Athmani, nami kwa ushamba wangu nikavaa viatu vya Idi. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Weye umekuya kazi au umekuya kuoa?" Nikavua. Tangu siku ile nimeuza samaki, nimemiliki mtambo wa barafu, nimekaa katika bunge la kaunti. Ninyi vijana mnaoniuliza siasa huanzia wapi, yangu ilianzia miguu mitupu, kwenye sakafu yenye magamba.

Katika kazi yetu tajiri si mtu mwenye mali tu. Ndiye anayempa mvuvi nyavu na injini, na mvuvi naye humuuzia yeye samaki wake. Nilianza kwa kuosha makasha, nikapandishwa kwenye mzani. Bwana Athmani alinifundisha kufunua matamvua, yale mashavu ya ndani ya samaki: yakiwa mekundu ni wa leo, yakipauka mwachie paka. Alikuwa pia na sheria moja ambayo matajiri wenziwe waliiona wazimu. Tenga la mteja likijaa, samaki aliyelegea lazima akae juu, si chini.

"Alolegea mweke yuu," alikuwa akisema. "Mtu akimuona huyo kwanda, walo tini hatokuuliza."

Wateja wake walimgombania. Mimi nami niliishika sheria hiyo, maana niliona faida yake kwa macho yangu.

Kisha akanituma Kiwayu kusimamia kituo chake cha kamba mawe. Kamba huuzwa hai, kwa hiyo tuliwaweka baharini ndani ya vizimba vya mbao mpaka boti ije kuwachukua. Kazi ile niliipenda. Lililonichoma ni samaki wa kawaida. Barafu ilitoka mbali, na ilipochelewa niliona nguru wazima wakitupwa, mvuvi amesimama pembeni akikunja nyavu zake. Nikaweka nadhiri kwamba nikipata uwezo, barafu itagandishwa kwetu. Nilipokwenda kumuaga Bwana Athmani, alinishika mkono kwa muda. "Enda. Lakini ukiitwa tajiri, usijione sultani."

Mtambo wangu ulipoanza kunguruma Faza, watu walikuja kuutazama kama bibi harusi. Kwa miaka mingi barafu ya pale ilikuwa yangu peke yangu, na bei niliipanga mimi. Sitajifanya mnyonge hapa, nilifurahi sana. Niliitwa Tajiri, nami nikaitika.

Wazee wa mtaa ndio walionifuata nigombee kiti cha wadi. Wapinzani wangu walikuwa wakiahidi kila kitu, hata vitu ambavyo havina njia ya kufika kisiwani. Siku ya mkutano wangu mkubwa nikapanda jukwaani, nikaanza na samaki aliyelegea.

"Barafu ya hapa ni yangu," nikasema, "na bei ni yangu. Mkinipa kiti, nitaleta mtambo wa umma kabla muhula haujaisha, na biashara yangu ya barafu itakufa."

Wakala wangu wa kampeni alishika kichwa. Watu wakacheka, kwani nani hukata tawi alilolikalia? Ndipo akainuka Bi Mwanaesha, mchuuzi anayenunua samaki pwani kwetu na kuwauza hadi Tchundwa, mwanamke ambaye ulimi wake uliogopwa hata na mapapa.

"Na usipoueta huo mtambo?"

"Mutautwaa wangu."

"Haya, isomwe Fatiha."

Imamu akainua mikono, na umati mzima ukainua. Kwetu Fatiha hufunga jambo, iwe ndoa, iwe suluhu, iwe biashara. Ikishaitikiwa amin, hakuna kurudi nyuma. Nilishinda uchaguzi ule, na nilishinda vizuri.

Bungeni nilikuta ufundi mwingine. Jambo lako huliiti jambo, huliita hoja, na hoja haitajwi tu, huwekwa mezani, ikajadiliwa, ikapigiwa kura. Mara yangu ya kwanza kuzungumza nilisimama nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote. Spika akangoja nimalize. "Mheshimiwa," akasema kwa upole, "hapa hatunadi samaki." Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, nami pia. Lakini nilijifunza upesi. Hoja yangu ya mtambo wa barafu ilipita bila mtu mmoja kuipinga.

Kupita ni jambo moja, na pesa ni jingine. Ilipofika zamu ya kugawa fungu, zahanati za visiwani zilihitaji dawa. Nani atagandisha samaki na kuacha mtoto augue? Mimi mwenyewe niliinua mkono dawa zitangulie, na leo ningeuinua tena. Muhula ukaelekea ukingoni, mtambo wa umma haujaja.

Wakala wangu akanijia na shauri la mtu mzoefu. "Bwana, ukiutoa wako sasa, watasema wanunua kura. Ngoja ushinde kwanda, kisha uutoe."

Ingekuwa uongo kusema halikunivuta. Nilikipenda kiti kile. Nilipenda kuitwa Mheshimiwa, na kazi niliijua, na kila mtu alisema nitarudi. Lakini ahadi ilikuwa ya muhula ule, si wa pili. Nikiuzuia mtambo, nimeivunja Fatiha. Nikiutoa nikagombea, nimewahonga watu wangu kwa deni lao wenyewe. Kiti na ufunguo havikukaa katika mkono mmoja.

Ijumaa moja baada ya sala niliomba watu wasiondoke. Nikawaambia sigombei tena, kisha nikaenda mpaka kibarazani kwa Bi Mwanaesha, nikamkabidhi ufunguo mbele yao. Hakunishukuru. Aliongoza njia mpaka kwenye mtambo, akafungua, akaingia, akatoka amekunja uso.

"Bomba lavuja hili. Litengeze kwanda, kisha tupokee."

Nikamwita fundi, na gharama ikawa yangu.

Sasa mimi ni mstaafu. Chama cha wavuvi ndicho kinachoendesha mtambo, na boti za Tchundwa nazo huja kuchukua barafu. Sioni aibu kusema kwamba najivuna. Vyeo nimevishika na mali nimeipata, lakini nguru hatupwi tena pwani kwetu, na hilo nimelifanya mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua barafu ya karamu ya mjukuu. Bi Mwanaesha alikuwa pale pale mlangoni. Nikamchokoza, nikamuuliza iwapo ningegombea mara ile ya pili, angenipa kura?

"Kura?" akasema. "Singekupa. Ulikuwa na mtambo na kiti, na sisi hatuna hata kimoya. Kimoya ningekupokonya tu, kama si mtambo, kiti."

Nikacheka hadi nikaegemea ukuta. Kisha nikapanga foleni, nikalipa barafu yangu kama mtu yeyote, nikaenda zangu nikitembea wima.