Kadi ya Zawadi Iliyonifanya Nimpige Wifi Yangu

Sitamsingizia shetani. Mkono ulikuwa wangu, na mwiko nilikuwa nimetoka kusongea ugali nao, bado unatoa mvuke.

Mimi hufua nguo za watu mtaa wa Nyayo Highrise, Nairobi. Krismasi ya mwaka juzi tajiri wangu alinipa kadi ya zawadi ya supamaketi, ya elfu tano. Nikaificha chini ya godoro, nyumbani kwangu Gatwekera, huko Kibera. Kwetu Magharibi huwezi kufika kwa mamako mikono mitupu, na nauli sikuwa nayo, kwa hivyo nikaiweka kadi hadi nitakapopata nauli. Niliamini pesa iliyo kwenye kadi haiozi. Ujinga mtupu.

Nauli ilipopatikana, mwaka ulikuwa umepita na zaidi. Nikajaza kikapu: blanketi, sukari, majani chai. Keshia akaniangalia.

"Mathe, hii imebaki na elfu mbili tu."

Watu kwenye foleni wakaguna. Nilirudisha blanketi, nikatoka na hasira.

Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshampata mwizi. Rose, dadake mume wangu, tuliishi naye chumba kimoja. Aliwahi kuniomba hiyo kadi amnunulie mtoto wake maziwa, nikamkatalia. Jioni, nikiepua ugali, nikamwuliza pesa zangu ziko wapi.

"Aki wifi, sijaigusa," alisema.

Nilimpiga na mwiko usoni, kisha sikioni, sijui mara ngapi. Alipoanguka nikampiga teke. Nikamburuta kwa nywele hadi nje na kupiga kelele: mwizi! Wewe wa mtaa unajua neno hilo huita nini. Wanaume wawili walikuja na mawe. Mama mwenye ploti, anayetupangisha vyumba, ndiye aliyemlalia Rose juu, akasema waanze na yeye.

Jumatatu nilimsimulia tajiri wangu, akaigeuza ile kadi.

"Si wameandika hapa nyuma? Ukikaa miezi sita hujaitumia, wanakata kila mwezi."

Herufi zenyewe ndogo kama chawa. Akaniambia mnunuzi ana haki ya kuelezwa mambo kama hayo waziwazi, iko kwenye Katiba. Akanisaidia kuandika malalamiko, na duka likarudisha pesa zote.

Rose alikuwa amehamia mtaa wa Kawangware kwa shangazi yake. Nilimpelekea shopping yote niliyonunua kwa kadi hiyo, nikapiga magoti mlangoni, nikaomba msamaha. Akanigeuzia sikio la kulia.

"Sema tena. Hilo sikio lingine halisikii siku hizi."

Ikabidi niseme tena, kwa sauti, ploti nzima ikisikia.

Wewe unayesoma, ukipewa kadi, soma nyuma siku hiyohiyo. Uliza inaisha lini na wanakata nini. Keshia alikuwa mbele yangu na sikumuuliza hata swali moja, nikaenda nyumbani kupiga mtu.

Rose hajanisamehe. Ningekuwa yeye, hata mlango nisingefungua.